Mwaka wa tatu mahusiano kazini: nikimaliza naajiriwa wapi hasa?

Dogo_wa_Ifakara

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Nipo mwaka wa tatu, nasoma shahada ya mahusiano kazini na menejimenti ya umma hapa Dar. Mwezi wa saba namaliza. Juzi nilikwenda nyumbani kwenye arobaini ya bibi, baba mkubwa akaniuliza mbele za watu nasomea nini. Nikasema mahusiano kazini. Akatafuna kwanza, akameza, ndipo akauliza: "Mahusiano na nani?" Watu chini ya turubai walicheka mpaka wapishi wakaja kuuliza kuna nini. Nikaanza kueleza habari za sheria za kazi, vyama vya wafanyakazi, usuluhishi wa migogoro. Akasema, "Kumbe unasomea kugoma."

Nilicheka nao, ila usiku usingizi haukuja. Portal ya Ajira, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, naifungua kila siku tangu mwaka jana. Tangazo la Afisa Kazi, yule wa serikali anayesimamia sheria za kazi, nimeliona mara moja, nafasi zenyewe za kuhesabu kwa vidole. Waliomaliza kabla yetu nawafahamu wanne: mmoja anaendesha bodaboda Kimara, mmoja yuko kwenye kibanda cha miamala, mmoja anajitolea halmashauri na nauli anajilipia, wa nne kapata kiwandani kwa kuwa mjomba wake ni meneja wa stoo.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nilifanya wiki nane kwenye ofisi ya HR (rasilimali watu) ya kiwanda. Nilipanga mafaili kwa herufi na kufuata chapati.

Sasa nauliza walio kwenye hii fani kweli: kazi ziko wapi? Niongeze cheti cha rasilimali watu? Nianze sheria jioni? Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, niambieni tu.


Tingatinga_la_Mbeya

Kwani kugoma kuna shahada? Mimi nagoma tangu 2011 na hata cheti sina.


Msomi_Mtarajiwa

Dogo, pole. Ulipaswa kusoma sheria tangu mwanzo. Mwenye LLB, shahada ya sheria, anaomba Afisa Kazi, anaomba kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, anaomba HR, na bado anaweza kwenda Shule ya Sheria akawa wakili. Wewe na hiyo shahada yako mlango ni mmoja na umejaa watu. Anza sheria jioni, miaka minne si mingi. Hizi kozi zenye majina marefu ni za kumpa mtu joho la mahafali tu.


Bi_Faili

Marahaba mwanangu. Baba mkubwa msamehe. Mimi baba yangu mzazi aliniuliza hivyo hivyo, na yeye mkonge ndio uliomlea.

Nitaandika kwa kirefu, umeme umekatika huku Mbagala na simu ina chaji.

Kwanza mnijue. Mimi mtu wa Muheza. Babu yangu alikuja kule akitokea Songea, manamba, kibarua wa mkataba, kukata mkonge. Alipofariki tulikuta kipande chake ndani ya kopo la Blue Band. Kwa mliozaliwa juzi, kipande ni ile kadi ya kazi ya enzi ya Mwingereza: ina visanduku 30, kila ukimaliza kazi ya siku msimamizi anatia alama, visipojaa thelathini mshahara haujaiva. Kipande cha babu kina alama 29. Baba alikuwa akisema mzee aligoma kukirudisha ofisini, siku moja aliifanya na hawakuitia, basi akaondoka nacho. Sasa ninacho mimi.

Nilifanya kazi ya chama cha wafanyakazi miaka tisa, kuanzia 2008. Nikavuka upande wa pili, nikawa HR kiwandani miaka saba. Sasa niko nyumbani, naandalia watu mafaili na kuendesha vikao vya nidhamu vya waajiri wadogo. Nimekaa kiti cha mfanyakazi na nimekaa cha mwajiri, kwa hiyo nisomeni mkijua hilo.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba hii fani inamlisha mtu anayejua utaratibu na kuuandika. Sababu ya kumfukuza mtu kila mwenye duka anayo, atakutajia tano kabla hujakaa. Muulize alifuata hatua gani, atakwambia "nilimwita nikamweleza". Na sheria ya Tanzania Bara, ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inataka vyote viwili: sababu ya halali na utaratibu wa haki. Mwenye mzigo wa kuthibitisha ni mwajiri. Hapo katikati, kati ya sababu anayoijua na utaratibu asioujua, ndipo ulipo ugali wako.

Ngoja nikupe kisa. Usuluhishi ni siri kwa hiyo vitu vidogo vidogo nimevigeuza, ila mfupa ni huo huo.

Kiwanda cha biskuti, Barabara ya Nyerere. Mtunza stoo kakamatwa na katoni, kamera imemwona, yeye mwenyewe mbele yangu hakukana. Alikuwa mwanachama wetu, nikamsindikiza Tume, ndiyo CMA. Chumba kidogo, meza, feni inayolia. Msuluhishi dada mmoja mpole sana wa sauti. Upande wa mwajiri kaja kijana wa HR, tai imekaza, faili jipya kabisa.

Msuluhishi akamwambia, "Naomba muhtasari wa kikao cha nidhamu."

Yule kijana akafungua faili, akalifunga, akalifungua tena kama vile mara ya pili litakuwa limezaa. "Upo kwa bosi."

"Kikao kilikuwa lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"Na barua ya kumwita kikaoni alipewa lini?"

"Ijumaa." Akatazama chini. "Jioni."

Wewe mwaka wa tatu unajua tayari: kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinampa mtu saa 48 kwa kawaida za kujiandaa, na haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Msuluhishi hakusema neno. Akauliza la mwisho, mwenyekiti wa kikao alikuwa nani. Meneja wa uzalishaji. Na aliyemkamata na katoni? Kijana akanywa maji. Alikuwa meneja huyo huyo. Kanuni zinataka mwenyekiti awe mkubwa wa kutosha kwenye menejimenti na asiwe amehusika na tukio.

Mteja wangu alilipwa. Mwizi wa biskuti, amelipwa, tumetoka nje akaninunulia soda na mimi nikainywa nikijisikia vibaya kidogo, siwafichi. Lakini kilichonikaa kichwani ni yule kijana. Alikuwa na shahada, kama utakayokuwa nayo wewe Julai. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyewahi kumkalisha akamwonyesha kwamba kama kile kikao cha Jumamosi kingechelewa mpaka Jumatatu mchana, kikaongozwa na mtu mwingine, na muhtasari ukaandikwa kurasa tatu, mwajiri wake angekuwa na la kusema mbele ya yule dada.

Mwaka uliofuata kiwanda hicho hicho kikanipigia simu. Bosi akasema, "Yule mama aliyetupiga, hataki kazi?" Nikaenda. Chamani waliniita msaliti, mmoja mpaka leo hanisalimii.

Usidhani nilizaliwa najua. Mwaka wangu wa pili chamani nilipoteza kesi ya kina mama kumi na mmoja wa kufungasha, na kosa lilikuwa langu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ndani ya siku 30. Mingine ni 60. Mimi nikahesabu siku za kazi. Nikaruka Jumamosi na Jumapili kama vile napanga likizo. Nilipokwenda kusajili fomu namba 1, karani akahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa ncha ya kalamu, polepole, akafika 34. Tukaomba tusamehewe kuchelewa, na hapo unatakiwa utoe sababu ya maana. Sababu yangu ilikuwa kwamba sikujua kuhesabu. Maombi yakakataliwa. Wale kina mama walikuwa wakichanga nauli zao wanipe nifike mjini. Mmoja alikuwa akiuza karanga pale Mabibo miaka mingi baadaye, nikimwona navuka barabara.

Tangu siku ile kila jalada langu lina tarehe ya siku ya 30 kwa wino mwekundu juu ya jalada.

Haya, kazi ziko wapi.

Serikalini zipo, chache, na utazigombea na wengi. Afisa kazi, wasuluhishi na waamuzi wa Tume, wakaguzi wa OSHA (usalama na afya mahali pa kazi), Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hilo la Mfuko watu wenu hawalifikirii kabisa. Ulianza 2015, waajiri wanachangia asilimia 0.5 ya mishahara, na kila ajali ya kiwandani ni faili la madai linalohitaji mtu wa kulifuatilia upande wa mwajiri pia. Omba zote, lakini usikae barazani ukingoja Portal. Soma masharti ya kila tangazo mpaka mwisho, maana nafasi ya rasilimali watu mara nyingine inakupokea wewe na hukujua kwa sababu ulisoma kichwa cha tangazo tu.

Vyama vya wafanyakazi. TUICO wana viwanda, biashara na mabenki, TUGHE serikali na afya, TALGWU serikali za mitaa, CWT walimu, TAMICO migodi, TPAWU mashamba. Huku utasubiri tangazo mpaka uote mvi. Watu wanaingia kwa kufahamika. Mimi niliingia kwa kusimama getini saa kumi na mbili asubuhi shifti zikibadilishana, mkononi nina fomu za TUF 6, ndiyo ile mfanyakazi anajaza kuruhusu akatwe ada ya chama. Siku ya kwanza nilijaziwa mbili, na moja aliyejaza alikuwa ananitongoza. Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa 280,000. Ukifikisha wanachama walio wengi mahali pa kazi, mwajiri analazimika kuwatambua na mnakaa mezani kwa ajili ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Hapo ndipo utajifunza kuliko darasa lolote, maana lazima ujue kusoma hesabu za kampuni, la sivyo wanakwambia "hali ni mbaya" na wewe unaandika "hali ni mbaya".

Chama cha waajiri, ATE, nao wana watu wa fani hii. Migodi ya Kanda ya Ziwa ina maafisa wa mahusiano kazini kwa jina hilo hilo, na wanalipa vizuri, ila watataka uzoefu.

Halafu kuna wale ambao hakuna anayewaandikia tangazo, na mimi ndio wanaonilisha: shule binafsi, zahanati, kampuni za ulinzi, wenye malori, hoteli za vyumba ishirini. Hawana HR. Bosi ana mhasibu na ana shemeji. Siku akitaka kumwachisha mwalimu aliyekuja amelewa, anampigia mtu kama mimi. Naandika barua ya tuhuma, nahakikisha saa 48 zimepita, naendesha kikao kama mwenyekiti wa nje, naandika muhtasari na mapendekezo. Kwa kikao nachukua kati ya laki moja na nusu na laki tatu, inategemea safari na mapovu ya bosi. Mwezi mzuri napata vikao vinne. Mwezi mbaya nauza vitenge.

Msomi Mtarajiwa hapo juu hajakosea kabisa. Kesi ikifika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, unamtaka wakili. Lakini kikao cha nidhamu cha mlinzi aliyelala lindoni kinafanyika saa mbili usiku kwenye kontena, nyuma ya yadi, wakili hayupo. Yupo mtu mmoja mwenye karatasi na kalamu, na alichoandika usiku ule ndicho mawakili watakachobishania miaka mitatu baadaye. Nataka huyo mtu uwe wewe.

Na mwambie baba mkubwa kwamba Rashidi Kawawa alitokea huko huko anakokucheka. Alikuwa katibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, lilipoundwa 1955, na 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Akinyamaza, mwongezee wali.


Ami_wa_Kilindini

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Bi Faili umesema kweli tupu. Huku Kenya ni wimbo ule ule: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, lazima umweleze mtu tuhuma kwa lugha anayoielewa, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwepo, ndipo umfute. Waajiri wanaruka hapo hapo, na korti ya leba inawapiga hapo hapo.

Mie baba yangu alikuwa Dock Workers Union, bandarini. Nyumbani kwetu mgomo wa Januari 1947 ulikuwa ukihadithiwa kama vita vya Badri, babu alikuwepo. Kwa hivyo hakuna aliyenicheka niliposema naenda kusoma mambo ya leba. COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi Kenya, wana chuo chao Kisumu, Tom Mboya Labour College, ukipata kozi fupi pale utakutana na watu wa vyama kutoka kila sekta.

Nikuongezee mlango mmoja, ndugu yangu wa Ifakara. Mimi niko kwenye ofisi inayopeleka wasichana kazi za nyumbani Saudia na Qatar. Najua sifa yetu ni mbaya, na nyingine tumejitakia. Lakini humo ndani anatakikana mtu anayeweza kukaa na binti wa Kwale kwa saa nzima na mkataba uliopigwa kwa Kiarabu na Kiingereza, amwambie kwa Kiswahili: siku yako ya kupumzika ni hii, pasipoti ni yako, mshahara ukichelewa unampigia nani. Nilipoingia hii ofisi walikuwa wanaonyeshwa tu pa kutia kidole. Sasa hawatii mpaka nimemaliza, na bosi hulalamika kwamba nampunguzia spidi.


Dogo_wa_Ifakara

Shikamoo Bi Faili, shikamoo Ami. Nimesoma mara tatu. Hiyo ya siku 34 imeniumiza, maana juzi kwenye jaribio na mimi niliruka Jumapili.

Naomba kuuliza zaidi. Mimi bado nina miezi kadhaa chuoni, sina jina, sina mjomba wa stoo. Nikienda kwa mwenye zahanati nikamwambia najua kuendesha kikao cha nidhamu atanifukuza. Naanzia wapi? Na je, hayo mambo yote yanaandikwa kwa Kiingereza? Maana Kiingereza changu cha kuandika ni cha kusukuma kama gari bovu.


Bi_Faili

Marahaba.

Kiingereza kwanza, maana hilo linanikera. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama kwetu, imeandikwa. Na hata kabla ya hapo, kikao kiwandani kilikuwa kikifanyika kwa Kiswahili kutoka sala ya kufungua mpaka matusi, halafu HR anakwenda kuandika muhtasari kwa Kiingereza cha kuungaunga na kumletea dereva asaini. Dereva anasaini asichokijua. Kisha Tume wanauliza, "Huyu alisema 'I am sorry for the inconvenience'?" Dereva mzee wa Namtumbo aseme inconvenience! Andika muhtasari kwa lugha iliyozungumzwa. Kiingereza jifunze cha kusomea hukumu.

Hukumu zenyewe ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ingia Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, tafuta zile za kuachishwa kazi, soma moja kila siku kabla hujafungua TikTok. Usisome kama mwanasheria. Tafuta tu mahali jaji anaposema mwajiri aliteleza wapi, andika kwenye daftari neno moja: taarifa, mwenyekiti, muhtasari, ushahidi haukuonyeshwa, rufaa hakuelezwa. Ukifika ya hamsini utaona wote wanateleza kwenye matope yale yale matano. Na usitegemee notisi za kaka zako wa mwaka 2019. Sheria za kazi zimerekebishwa na toleo la sheria zilizorejewa limebadilika, ukinukuu namba ya kifungu ya zamani mbele ya mtu anayejua unavuliwa nguo.

Kuhusu kuanzia wapi. Usiende kwa mwenye zahanati ukamwambia unajua kuendesha kikao, hujui. Nenda kwa HR yule yule aliyekutuma chapati. Mwambie, "Naomba nije niwe mwandishi wa vikao vyenu vya nidhamu, bure, kwa miezi mitatu." Hakuna HR duniani anayependa kuandika muhtasari. Atakukumbatia. Utakaa kona, hutasema neno, utaandika. Ukishaandika vikao kumi utakuwa umeona mtu akilia, mtu akidanganya, meneja akitishia, na mwakilishi wa tawi akisinzia. Hapo shahada yako itaanza kuongea.

Ukikataliwa, jaribu chama. Kila tawi lina katibu ambaye kazi yake halisi ni fundi mitambo, na barua zinamtesa.

Cheti cha rasilimali watu kiache kwa sasa. Sheria jioni utaamua ukiwa na hela yako.

Nakupa na mtihani. Mlinzi amekutwa amelala lindoni saa tisa usiku, msimamizi kapiga picha. Mlinzi anasema alikuwa na malaria na aliomba ruhusa akanyimwa. Niandikie muhtasari wa hicho kikao, kurasa mbili, Kiswahili. Weka hapa hapa wote waone, na aibu utaizoea.


Tingatinga_la_Mbeya

Mimi ndiye huyo mlinzi. Sikulala, nilikuwa nafumba macho kusikiliza vizuri.


Dogo_wa_Ifakara

Bi Faili, nimemaliza usiku huu. Nabandika sehemu ya katikati, zima ni refu:

"Mwenyekiti alimsomea mtuhumiwa tuhuma. Mtuhumiwa alikiri kulala lindoni ila alitoa utetezi wa ugonjwa. Msimamizi alitoa ushahidi wa picha. Mtuhumiwa hakuwa na la ziada. Mwenyekiti alizingatia hoja zote na kuona kuwa kosa limethibitika. Kikao kilifungwa kwa sala."

Na kuhusu kiwandani, nimempigia yule HR. Kacheka, kasema nije Jumatatu kuna kesi ya mafuta ya forklifti. Naogopa kweli.


Bi_Faili

Mikono yako mizuri, lakini hii ukiipeleka Tume unarudi na yule kijana wa tai.

"Alikiri." Alikiri kwa maneno gani? Kama alisema "nilisinzia kidogo kwa sababu ya homa," huko si kukiri, huo ni utetezi. Andika maneno yake kama alivyoyatoa, na kiswahili chake cha Kimakonde kama ni cha Kimakonde.

Picha ilipigwa na simu ya nani, saa ngapi, na yeye alionyeshwa hapo kikaoni au ilibaki kwa msimamizi? Alipoulizwa kama anataka kumhoji msimamizi alijibu nini? Hujaandika kama aliulizwa. Kwa msomaji wa Tume, kisichoandikwa hakikufanyika.

Aliomba ruhusa kwa nani? Huyo aliyeombwa aliitwa? Pengine kesi yote iko kwa huyo mtu na wewe umemwacha nje ya mlango.

Mwenyekiti jina na cheo havipo. Aliyemsindikiza mlinzi hayupo. Kama alikuja peke yake, andika kwamba aliambiwa haki yake na akaamua kuja peke yake. Saa ya kuanza haipo. Saa ya kumaliza haipo. Sala umeiweka.

Jumatatu vaa saa ya mkononi, ya simu watakunyang'anya getini. Kalamu mbili. Ukikosa neno, nyosha mkono uombe arudie, hata kama ni meneja. Rudisha huu muhtasari Jumapili, kabla hujala.